Mtoto Asomaye Nyumbani Anastahili Kusomwa

Neno somo lina maana tatu ambazo wapenzi wa Kiswahili wanazifahamu, ingawa aghalabu hatuziweki pamoja. Ya kwanza ni fundisho: somo la Hisabati, somo la Historia. Ya pili ni mtu mliyechangia jina. Mkikutana njiani mnaitana "somo" na kucheka. Ya tatu, ambayo wenzetu wa Pwani wameihifadhi kuliko sisi wa bara, ni mwanamke anayemfunda binti aliyevunja ungo na kumwongoza kuingia utu uzimani. Somo huyo si mama mzazi, wala si mwalimu wa darasani. Ni mtu wa tatu. Binti humweleza asiyoweza kumweleza mama, na maneno ya somo humwingia kwa namna ambayo maneno ya mama, kwa kuwa husikika kila siku, hayamwingii tena.

Nia yangu katika makala haya ni kuitetea maana hiyo ya tatu na kuipanua. Maoni yangu ni kwamba mtoto aliyelazimika kusomea nyumbani aweza kukosa vitabu, akakosa ubao, hata akakosa mwalimu kwa majuma kadhaa, na bado akasonga mbele. Lakini akikosa mtu wa tatu, yaani mtu aliye nje ya kuta za nyumba yake ambaye kila juma anasubiri kusoma alichokiandika, elimu yake hunyauka hata kama nyumba imejaa vitabu. Asomaye anastahili kusomwa.

Yafaa kwanza nieleze ninamzungumzia mtoto gani. Katika nchi kama Marekani wapo wazazi wanaoamua kwa hiari kutowapeleka watoto wao shule, wakawafundisha wenyewe tangu herufi ya kwanza. Hapa kwetu hali ni nyingine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shuleni mtoto aliyetimiza miaka saba na kuhakikisha anahudhuria. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Mimi niliyekula chumvi ya serikali kwa miongo mingi darasani siandiki ili kumshawishi mtu yeyote amtoe mtoto wake shule. Namwandikia mzazi ambaye jina la mtoto wake limo katika daftari la mahudhurio, lakini kiti chake kiko kitupu: kwa ugonjwa, kwa ajali, kwa ulemavu ambao njia ya kwenda shule haikuufikiria.

Kama kuna anayedhani kwamba jambo hili linawahusu wachache, akumbuke mwaka 2020. Machi 17 ya mwaka huo shule zilitangazwa kufungwa kwa sababu ya janga la korona, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani hadi Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu kila nyumba ya Tanzania iliyokuwa na mtoto wa shule iligeuka kuwa darasa, ikitaka isitake. Masomo yalitangazwa redioni na katika televisheni. Wazazi walinunua madaftari. Nami kutoka barazani kwangu niliona jambo moja: watoto wengi waliandika kwa bidii juma la kwanza na la pili, kisha wakaacha. Si kwamba masomo yalikwisha. Waliacha kwa sababu hakuna aliyefungua daftari kuona walichoandika. Redio husema, haisomi.

Mtoto ninayemfikiria sasa anaishi hapa Songea, mtaa usio mbali na kwangu. Ni binti wa miaka 11, wa Darasa la Tano, na ana selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hupinda mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa na viungo. Baridi huyachochea maumivu hayo, na homa na upungufu wa maji mwilini huyachochea vilevile. Anayeijua Songea anaijua baridi yake ya Juni na Julai, pale ukungu unaposhuka kutoka Matogoro na watoto wanakwenda shule mikono ikiwa kwapani. Kwa binti huyu baridi ile ni kufuli mlangoni. Mvua za masika nazo zina homa zake. Mwaka jana siku alizokosa darasani zilikuwa nyingi kuliko alizohudhuria.

Mama yake alinijia jioni moja. Baada ya shikamoo na marahaba, alisema, "Mwalimu, sitaki umfundishe bure. Nataka tu mtoto ajue kuna mtu anamngoja." Nimekaa katika mikutano mingi ya elimu iliyojaa maneno mazito, lakini sikumbuki kusikia haja ya mwanafunzi ikielezwa kwa ufupi na usahihi namna ile.

Tulipanga wiki yake, nami nitaieleza, kwa kuwa wazazi wengine huniuliza. Kanuni ya kwanza ni kwamba hasomi zaidi ya saa mbili kwa siku, na siku ya maumivu hasomi kabisa wala hadaiwi. Mtu akisikia saa mbili hushtuka: wenzake wapo shuleni tangu asubuhi hadi alasiri! Lakini yeyote aliyepata kufundisha anajua ni dakika ngapi za kipindi huliwa na kuita majina, kunyamazisha, kugawa vitabu na kungoja. Mtoto mmoja, meza moja na saa mbili tulivu ni kitu kikubwa.

Jumatatu ni Hisabati. Hapo nje pana kopo lenye kuta zilizonyooka, na kila asubuhi ya mvua hupima kwa rula kina cha maji yaliyoingia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la jiko lao lina urefu wa mita nne na upana wa mita tatu. Ikinyesha milimita kumi, ni lita ngapi zimeanguka juu ya jiko? Alikokotoa akapata lita 120, yaani ndoo sita za lita ishirini, kisha akamuuliza mama yake kwa nini anamlipa mchota maji. Swali lile lilinifurahisha kuliko jibu la hesabu.

Jumanne ni Kiswahili: kusoma kwa sauti kurasa chache, kisha kuandika maneno mapya katika daftari maalumu. Jumatano ni Sayansi, nayo huanzia mwilini mwake mwenyewe, kwa maana mtoto mwenye selimundu hana budi kujua damu ni nini na kwa nini anahimizwa kunywa maji. Huhesabu bilauri anazokunywa na kuchora jedwali.

Alhamisi ni Historia na Jiografia, na mwalimu wake ni bibi yake mzaa baba, ambaye hakusoma shule. Kazi ya mtoto ni kuuliza na kuandika. Mji wetu umebeba jina la nduna Songea Mbano, na kila Februari hapa huadhimishwa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Vitabu vinaeleza tarehe. Bibi anaeleza njaa iliyofuata baada ya vita, jinsi alivyosimuliwa na bibi yake, na nini watu walichimba porini wakala. Siku nyingine hufungua ramani wakaufuata mto Ruvuma. Mto huu huchimbuka hapa hapa Matogoro, huanza kwa kuelekea magharibi kana kwamba unaikimbia bahari, kisha hugeuka kusini, halafu mashariki, ukawa mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Binti alipoona mchoro ule alisema, "Kumbe hata mto huanza kwa kupotea."

Ijumaa ndiyo siku ninayotaka kuizungumzia kwa kirefu. Siku hiyo hana somo jipya. Huketi akaniandikia barua ya ukurasa mmoja: amejifunza nini juma hili, nini hakikumwelea, nini kimemshangaza. Mdogo wake huniletea daftari kabla ya magharibi. Jumamosi asubuhi daftari hurudi kwake likiwa na majibu yangu. Hayo tu. Sina ubao, sina mshahara, sina ratiba ya vipindi. Kazi yangu ni kusoma barua moja kwa juma na kuijibu. Hata hivyo mama yake anasema Ijumaa ndiyo inayoziburuta siku nyingine nne. Mtoto hupima mvua Jumatatu kwa sababu anataka kuwa na la kuniambia Ijumaa.

Juma moja la Januari, wenzake walipokuwa wamefungua shule naye yu kitandani, nilimwomba aniandikie ubeti badala ya barua. Nilimweleza kanuni chache: mishororo minne, mizani nane upande wa kwanza na nane upande wa pili, vina vya kati na vya mwisho. Ubeti ulikuja. Ulikuwa mzuri, ila mshororo wa tatu ulimalizia kwa maneno "nayaona huku niliko". Sikupiga mstari wala kuandika "kosa". Niliandika pembeni: "Hesabu kwa maharage." Akaweka punje ya harage kwa kila silabi, akapata tisa. Punje moja imezidi. Alihangaika nayo siku mbili, kwa maelezo ya mama yake, akilala na kuamka nayo. Kisha akaniletea ubeti huu, ambao ameniruhusu kuuchapisha:

Mvua imeanguka, juu ya bati la jiko,
Mahindi yamechipuka, shambani petu yaliko,
Kitandani naamka, nayatazama niliko,
Siku nitakayotoka, nitayafuata huko.

Tazameni, ndugu zangu washairi, kilichotokea. Ili kuiondoa mizani moja alilazimika kuliacha neno kuona na kulichukua neno kutazama. Kuona humjia mtu hata asipotaka. Mwenye macho huona. Kutazama ni tendo. Mtu hutazama kwa kuamua. Mtoto aliyeanza ubeti akiwa mtu wa kufikiwa na mambo aliumaliza akiwa mtu wa kuyatenda, na kilichomvusha ni punje ya harage. Zaidi ya hayo, bati la jiko lililokuwa hesabu siku ya Jumatatu liliingia katika mshororo wa kwanza. Wiki yake ilikuwa imeungana yenyewe, pasipo mtaala kuiambia.

Hapa ndipo napenda kutoa maoni yangu juu ya neno kutia moyo, kwa sababu tunalitumia ovyo. Kiswahili kimetutajirisha kwa maneno yanayokaribiana ambayo si sawa. Kusifu ni kutamka uzuri wa kitu. Kuhimiza ni kusukuma kwa maneno ili jambo lifanyike upesi. Kutia moyo ni kumwongezea mtu nguvu alipopungukiwa. Na lipo neno kushajiisha, lenye shina moja na neno shujaa katika Kiarabu kilikotoka: kumfanya mtu awe jasiri. Wengi wetu tukimwona mtoto mgonjwa na daftari lake hukimbilia kusifu. "Safi sana! Hongera! Wewe ni hodari!" Twaona tumemtia moyo, kumbe tumempa sadaka. Sifa isiyotanguliwa na kusoma ni kama salamu ya mtu anayepita bila kusimama. Mtoto huijua upesi mno.

Maneno yanayomshajiisha mtoto ni mengine, na mara nyingi hayana sifa ndani yake. "Ulijuaje?" "Bibi alisema walikula mizizi gani?" "Ukurasa wa pili umeniacha gizani, nieleze tena." "Jana uliniambia hivi, leo unasema vile. Lipi ni lipi?" Maneno haya yanamwambia mtoto kwamba mtu mzima amekaa chini, akavaa miwani, akasoma kila neno aliloandika na akalichukulia kuwa neno la mtu. Katika darasa la wanafunzi themanini hata mwalimu mwenye moyo wa dhahabu hawezi kufanya hivyo kwa kila mmoja. Kalamu nyekundu hupiga vema ikapita. Huyu aliye nyumbani, kwa ajabu ya msiba wake, anaweza kukipata.

Desturi hii haikuanza nasi. Fasihi yetu ya Kiswahili imejaa elimu ya nyumbani. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Pate, alimtungia utenzi binti yake akiwa mgonjwa, amwachie maadili na maarifa ya maisha. Utenzi ule umewavuka waliouandika na walioandikiwa, na hadi leo unasomwa. Karibu miaka mia moja baadaye Shaaban Robert aliwatungia watoto wake: Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Mzazi anapotunga utenzi kwa ajili ya mwanawe hapo nyumbani pana mtaala, pana mwalimu, na pana kitabu cha kiada kilichoandikwa kwa mwanafunzi mmoja. Tofauti ninayoiomba ni ndogo tu: na mtoto naye atunge, na awepo wa kumjibu.

Wala si Pwani peke yake. Hapa Songea, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa, kikawa kitovu cha Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Shule ya Litowa iliunganisha masomo na shamba na maisha ya kijiji. Mtoto hakuyaacha maarifa ya nyumbani getini. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, aliwakumbusha Watanzania kwamba kabla ya kuwapo shule za wakoloni watoto wa Kiafrika walikuwa wakielimishwa kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa wao. Chama kile kilivunjwa Septemba 1969, na kwa nini kilivunjwa ni habari ya siku nyingine. Wazo lake halikuvunjwa: shule na nyumba ni vyumba viwili vya jengo moja, na mtoto anayelala katika kimoja hajatoka nje ya jengo.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba mtoto wa namna hii atawakosa wenzake. Ni kweli, na ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Mlezi hawezi kuwa rika. Kwa hiyo tulimwomba mwalimu wa darasa awaruhusu wanafunzi wawili waje na madaftari yao kila Jumamosi mchana. Walikuja kumletea notisi, wakaishia kucheza bao, na sasa mmoja wao anataka naye kuhesabu mizani. Shule iliyo tayari kulitunza jina la mtoto na kumtumia kazi zake imefanya nusu ya tiba. Lakini nimekutana na mzazi mwingine, katika mji ambao sitautaja, aliyeshauriwa na shule ya mwanawe amtoe moja kwa moja "ili asiharibu wastani". Kauli kama hiyo humfuta mtoto mara mbili: ugonjwa umemtoa kitini, nasi tunamtoa katika daftari.

Pingamizi ya pili ni lugha. Wapo wanaosema kama mtoto yupo nyumbani, basi muda wote autumie kwa Kiingereza, maana ndicho kitakachomngoja sekondari. Siipingi lugha hiyo. Nimeishi nayo darasani. Ila mtoto mwenye maumivu anahitaji kwanza lugha ya kuyasemea. Katika daftari lake la maneno, binti huyu alianza kukusanya vitenzi vya maumivu. Aliandika kuuma, kuchoma, kuwanga, kupwita, kukeketa, kuchonyota, na mbele ya kila kimoja akaandika ni wapi mwilini na ni wakati gani. Juma moja alipelekwa hospitali. Muuguzi alipomuuliza anajisikiaje, hakujibu "naumwa" kama ilivyokuwa desturi yake. Alisema, "Goti linapwita tangu jana. Mgongo ndio unaokeketa, umeanza leo." Mama yake anasimulia kwamba muuguzi aliinua kichwa, akamtazama, akaanza kuandika. Msamiati uliokusanywa Jumanne kwa ajili ya barua ya Ijumaa ulimsaidia siku alipouhitaji kuliko siku zote. Anayesema Kiswahili si lugha ya sayansi na aje anieleze neno gani lilipungua hapo.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito: si kila nyumba ina mwalimu mstaafu jirani. Nami najibu kwamba zipo nyingi kuliko tunavyodhani. Mji huu una vyuo vya ualimu, Songea na Matogoro, ambavyo vimekuwa vikitoa walimu mwaka baada ya mwaka, na wengi wetu tumezeekea hapa hapa, Mfaranyaki, Bombambili, Lizaboni, tukimwagilia mboga na kulalamikia pensheni. Wapo pia wanachuo wanaojifunza kufundisha, ambao barua moja ya mtoto kwa juma ingewafunza kusoma mwanafunzi kabla hawajakabidhiwa darasa la watu themanini. Wala si lazima awe mwalimu. Fundi cherehani, katekista, mzee wa msikiti, dada wa duka la dawa, yeyote ajuaye kusoma na asiye na haraka anaweza kuwa somo wa mtoto. Hata asiyejua kusoma anaweza: bibi wa binti huyu husomewa barua kila Alhamisi na kusema, "Hapo umenikatia maneno, rudi." Huyo ni mhariri.

Kinachotakiwa kwa mlezi wa namna hii ni mambo matatu, na yote ni magumu kwa sababu ni madogo. Atimize siku: kama ni Jumamosi, iwe Jumamosi, kwa kuwa mtoto aliye kitandani huhesabu siku kuliko sisi. Asome yote kabla ya kuandika neno. Na ajibu kwa swali litakaloweza kujibiwa juma lijalo, ili mtoto awe na sababu ya kuliendea juma hilo. Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu huambiwa kila siku mambo ya kuogopa kesho. Swali linalomngoja ni jambo mojawapo la kuitamani.

Basi nawageukia ninyi, ndugu zangu wa lugha na ushairi, maana ninyi ndio niliowakusudia tangu mwanzo. Twatumia muda mwingi kulalamika kwamba vijana hawasomi, kwamba utungaji unakufa, kwamba mizani zimekuwa mzigo. Yamkini kuna mtoto mtaani kwako ambaye shule imemkosa mwezi huu. Waulize majirani, au mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu. Nenda kwao, ongea na mzazi kwa heshima, umpe mtoto daftari la kurasa arobaini. Mwambie utalifuata Ijumaa. Kisha lifuate.